Kanda ya Bwaloni: Muziki Wetu wa Nyanda za Juu, Tangu Redio Hadi Simu

Na mwanafunzi wa zamani (1977–1980)

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, kijana mmoja wa kidato cha tano alikuwa amepewa kazi ya kuangalia vipaza sauti. Alikaa kwenye kona ya bwalo na kompyuta ndogo, akitupigia nyimbo za kuwachezesha wazee. Mgeni rasmi alipochelewa, kijana akaweka wimbo alioutengeneza mwenyewe. Ngoma yake ilikuwa ya kisasa, nzito, ya kugonga kifua. Lakini chini ya ngoma hiyo lilikuwa likizunguka gitaa la solo, kipande kifupi kikirudiwa na kurudiwa, na juu yake sauti ya mwanamume ikiita mara mbili kisha ikinyamaza. Nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Gitaa lile nalijua. Lilipopigwa mara ya kwanza mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mpigaji, mwezi Septemba 1980, ndani ya bwalo hilo hilo.

Nilimwendea kijana. Aliniamkia kwa adabu, nikaitika, kisha nikamwuliza gitaa lile amelipata wapi.

"Nimelichukua mtandaoni, babu. Ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe."

Neno hilo, hauna mwenyewe, ndilo lililonifanya nimwombe Mhariri nafasi katika gazeti letu. Naomba wasomaji, hasa nyinyi vijana mlioko madarasani, mnivumilie nirudi nyuma, kwani kisa cha kanda ile hakieleweki bila kujua muziki ulikuwa ukisafiri namna gani katika mikoa yetu ya Iringa na Mbeya kabla simu hazijaingia mifukoni.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba katika siku zetu mwanamuziki wa huku alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, kwenye studio za Radio Tanzania. Utangazaji ulianza nchini mwaka 1951, na mwaka 1965 redio ikawa chini ya serikali moja kwa moja. Kampuni binafsi za kurekodi, kama zile za Nairobi, hatukuwa nazo, wala kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilivuka mpaka. Marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifanya hivyo, na alifariki huko huko Kenya Januari 1979. Mpaka ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo nayo ikawa ya taabu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Ilibaki redio. Bendi ilirekodi, ikalipwa ujira mdogo, kanda ikabaki kwenye maktaba ya redio, na wanamuziki wakarudi kutafuta riziki yao mlangoni mwa ukumbi wa dansi.

Sisemi hayo kwa kulaumu. Redio ile ilitufikia hata sisi tuliokuwa tukilala bwenini, na kanda ilizozihifadhi ndizo zinazotuwezesha leo kujua muziki wa wakati ule ulivyokuwa. Aidha, utaratibu wa wakati ule ulikuwa na jambo moja jema ambalo vijana hawalijui. Bendi nyingi zilikuwa mali ya viwanda, vyama na mashirika ya umma. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mpiga gitaa alikuwa na mshahara. Hapa Iringa miaka ya 1980 tulijivunia Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, iliyokuwa na waimbaji mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Bendi ilijulikana kwa mtindo wake, na mtindo ulikuwa kama mpaka wa shamba. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliuchukua mtindo wake wa Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Bendi iliyopiga mtindo wa wenzake ilizomewa papo hapo ukumbini, na haikuhitaji hakimu wala mwanasheria kujua imekosea.

Sisi wa shule tuliiga. Lazima nikiri. Tulikuwa sita, tuna magitaa matatu, tumba mbili na ngoma moja kubwa iliyopasuka upande. Kwa miaka miwili tulipiga nyimbo za redio, na sifa yetu yote ilikuwa ni kuzipiga "kama zilivyo". Aliyetutoa huko ni mpiga solo wetu, kijana wa Kalenga, ambaye babu yake alikuwa akipiga ligombo.

Kwa wasioijua ala hii, ligombo ni kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu, na juu yake uzi umepitishwa kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi nyingi sambamba. Mpigaji huimba huku akizidonoa, na sauti yake ni ya chini, ya mtu anayesimulia jambo karibu na moto. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, akayakuta magombo Uhehe, akayanasa. Kanda zake zikaingia katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Tracey alikuwa na desturi moja ambayo naipenda kuliko mitambo yake: aliandika majina. Kila wimbo una karatasi yake, nani aliyepiga, nani aliyeimba, wa kabila gani, mahali gani. Kwa sababu ya karatasi hizo, mzee wa Uhehe aliyepiga mwaka ule hawezi kuitwa mtu asiyejulikana.

Basi, mpiga solo wetu alilegeza nyuzi za gitaa la shule akazifunga upya kwa sauti za ligombo la babu yake. Mwanzoni tulimcheka, kwani hakuna wimbo wa redio uliowezekana kupigwa katika gitaa lile. Kisha mwimbaji wetu, kijana wa Tukuyu mwenye kifua kama ng'ombe wa kulima, akaanza kuimba juu yake kwa namna ya kuitana aliyoizoea kwao Rungwe. Uhehe na Unyakyusa vikakutana katika bwalo lenye harufu ya maharage. Tulitunga nyimbo tano kwa muhula mmoja. Naamini hadi leo kwamba hakuna bendi nyingine nchini iliyokuwa ikipiga hivyo, ingawa huenda ni kiburi cha uzee.

Mwalimu mmoja alikuwa na redio kaseti. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na betri zilikuwa adimu kama sukari. Tulichangishana, tukapata betri sita kutoka kwa dereva wa lori pale Makambako. Usiku mmoja wa Septemba redio ikawekwa juu ya meza ya walimu, magodoro yakaegemezwa madirishani, tukapiga nyimbo zote tano mara moja bila kurudia, kwa kuhofia betri. Mwezi wa Novemba tukafanya mtihani, tukatawanyika. Kanda alinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa ndiye mtunza vyombo. Juu ya kasha mwalimu aliandika tarehe na jina la shule. Majina yetu hakuyaandika. Nani angefikiri yangehitajika?

Kaseti ndiyo iliyoanza kuuvunja ule mlango mmoja wa Dar es Salaam, na watu husahau hilo wakidhani kila kitu kililetwa na kompyuta. Katika miaka ya 1980 na 1990 kwaya za huku, za Wamoravian, za Walutheri na za Wakatoliki, zilirekodi kanda zao na kuziuza mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Hazikumsubiri mtu wa redio. Lakini mashine iliyomwezesha mwalimu wa kwaya kutoa nakala mia ilimwezesha pia mwenye kibanda pale Mwanjelwa kutoa nakala elfu, na hakuna mwalimu wa kwaya aliyekuwa na mbio za kumfukuza. Nimewahi kuwa mhasibu wa kwaya. Tuliuza kanda sitini katika mji ambao kila nyumba ilikuwa ikiimba wimbo wetu.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mawili kwa pamoja. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi, na vijana wakaanza kufoka kwa Kiswahili. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Joseph Mbilinyi, Mr. II, ambaye albamu yake ya Ni Mimi ilitoka mwaka 1995 na ambaye wananchi wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni kuanzia 2010 hadi 2020. Muziki huo haukuhitaji mwajiri mwenye magitaa, ulihitaji mdomo na mtayarishaji mwenye kompyuta. Hata hivyo barabara iliishia pale pale. Studio zilikuwa Dar es Salaam, wasambazaji walikuwa Kariakoo, na kijana wa Mbeya alipanda basi na daftari lake la mashairi. Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoleta chombo cha COSOTA. Sheria hiyo ilimpa mtunzi haki juu ya kazi yake kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nitairudia hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye kompyuta yenyewe. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata Mkongo wa Taifa ukapandisha mawasiliano hadi huku milimani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mbeya, alikuwa mmoja wa waliofaidika. Chumba chake kimoja cha kupanga Uyole, kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kilifanya kazi ambayo enzi zetu ilihitaji safari ya siku nzima kwenda Pugu. Aliniwekea maikrofoni mbele, nikaimba wimbo wa kanisani, akanisikilizisha sauti yangu imenyooshwa kama shati lililopigwa pasi. Wimbo wake akautuma kwa wakala wa mtandaoni, na baada ya siku chache ulikuwa ukisikika nchi ambazo sisi tulizijua kwa ramani ya jiografia tu. Hili ni jambo kubwa, na mzee anayelidharau amesahau foleni za wakati ule.

Lakini niseme pia nililoliona katika chumba hicho. Mdundo wa wimbo wake hakuutunga. Aliununua mtandaoni, tayari umepikwa, kwa bei ya kuku wawili. Mdundo wa namna hiyo huuzwa kwa kila mwenye pesa, na katika masharti, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na ambayo hakuyasoma, muuzaji alikuwa ameeleza hivyo. Mwimbaji mwingine wa nchi ya mbali alikuwa ameununua ule ule na kuuandikisha mapema. Mitandao mikubwa ina mashine za kulinganisha sauti. YouTube ilianza kutumia yake mwaka 2007. Mashine hailinganishi nia ya mtu, inalinganisha mawimbi ya sauti tu. Ikaona mdundo ni mmoja, ikauona wimbo wa mpwa wangu kuwa ndio wizi, na senti zake chache zikaelekezwa kwa mwingine. Alihangaika miezi miwili kuandikiana barua na mtu asiyemjua. Kumbe angefunga nyuzi za gitaa kama yule mwenzetu wa Kalenga, mashine isingepata cha kumlinganisha naye.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kompyuta imeua ubunifu. Sisi tuliiga redio miaka miwili bila kompyuta yoyote. Kuiga ni darasa la kwanza la kila mwanamuziki. Tofauti ni kwamba ukumbi wa dansi ulikuzomea ukatoka katika darasa hilo haraka, ilhali mtandao unakupongeza ubaki humo, kwa kuwa wimbo unaofanana na uliopendwa jana ndio unaopendekezwa leo. Mtoto wa Mufindi anayetaka kusikilizwa anasukumwa aimbe kama mtoto wa Dar es Salaam, naye wa Dar es Salaam anasukumwa aimbe kama wa Lagos.

Kuhusu usambazaji nitasema kidogo, kwani vijana wanalijua zaidi yangu. Spotify ilifunguliwa Tanzania Februari 2021. Kuanzia mwaka 2024 iliweka sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 hautengewi malipo. Kwa mwimbaji wa Kiingereza hicho ni kizingiti cha mlangoni. Kwa mzee wa Kilolo anayeimba Kihehe na ligombo, ni mlima. Watu wake hasa wanamsikia kwa njia nyingine: kibandani, ambako kijana anakuingizia nyimbo kwenye kadi ya simu kwa shilingi mia tano, na ndani ya mabasi ya Iringa na Mbeya, ambako dereva na kifaa chake kidogo cha kuchomeka ni msambazaji kuliko kampuni yoyote. Njia hizo mbili hazimlipi mtunzi, na katika kadi ya simu jina la wimbo mara nyingi ni namba tu. Raymond Mwakyusa, Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alipata tuzo ya BET mwaka 2017 na baadaye akaanzisha lebo yake mwenyewe. Naye ilimbidi kwanza ashuke Dar es Salaam.

Narudi kwenye kanda yetu. Mwaka 2019, nikihofia utepe usije ukaoza, niliipeleka kwenye kibanda kimoja ili nyimbo zihamishiwe kwenye kadi. Niliiacha usiku mmoja. Kosa hilo ni langu. Miezi michache baadaye nyimbo mbili kati ya tano zilikuwa mtandaoni, kwa jina la kikundi ambacho hakikuwahi kuwako na kwa vichwa vya kubuni, zimeandikwa tu kuwa ni muziki wa zamani wa Afrika. Zilikuwa zimesikilizwa mara nyingi kuliko watu wote waliowahi kusoma shule hii. Niliandika kulalamika. Nikaombwa uthibitisho kwamba sisi ndio wenye kazi. Nilichokuwa nacho ni kasha lenye tarehe na jina la shule.

Huko ndiko kijana wetu wa kidato cha tano alikolipata gitaa. Hakuiba kwetu. Aliokota kitu kilichokuwa kimekwisha kuvuliwa jina.

Baada ya mkutano nilimpigia simu mpiga solo, ambaye sasa analima mahindi na alizeti Kalenga. Nilitegemea angekasirika. Alicheka sana. "Mwache mtoto," aliniambia. "Mimi nami niliichukua kwa babu, na babu sikumwomba." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama kijana ameacha ile sauti ya chini isikike, nikamwambia ameiacha. Akaridhika.

Mwimbaji wetu wa Tukuyu hatunaye tena, alifariki mwaka 1998. Kwa hesabu ya ile sheria ya 1999, haki yake kama mtunzi inakwenda hadi mwaka 2048, nayo ni ya watoto wake. Nilimtafuta binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi Busokelo. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ya baba yake akiwa kijana. Nilimtumia wimbo kwa simu, akanipigia kesho yake. Hakuzungumzia pesa kwanza. Alisema, "Baba mdogo, mimi nataka jina lake liandikwe, na huyo kijana aje aniambie mwenyewe anataka kufanya nini na sauti ya baba." Nadhani ana haki kuliko mpiga solo, na nimemwambia mpiga solo hivyo. Mtu anaweza kusamehe kilicho chake. Hawezi kusamehe kwa niaba ya maiti mwenye watoto.

Kijana amekubali. Wimbo wake ameuzuia usitoke, jambo ambalo kwa umri wake si dogo, kwani wenzake walikuwa wakimhimiza autume usiku ule ule. Amenionyesha daftari ambamo ameanza kuandika, kwa kila wimbo anaoutengeneza, kila sauti ameitoa wapi.

Tuliosalia katika bendi ni wanne. Nawaomba wote wanne tufike kwenye mkutano ujao siku moja kabla, na binti wa marehemu amekwisha kuahidi kuja. Familia ya mpiga besi, ambaye naye ametangulia, bado sijaipata. Anayejua waliko tangu walipohama Mafinga anijulishe kupitia kwa Mhariri. Tutakaa na kuandika karatasi moja: nani alitunga, nani alipiga, mgao utakuwa namna gani wa nyimbo zote tano, na kijana anaruhusiwa kutumia nini. Kuna swali la mwalimu pia. Redio kaseti ilikuwa yake, kanda aliinunua yeye, betri tulinunua sisi. Wapo kati yenu waliosoma sheria, na wangetusaidia kuamua kama aliyebonyeza kitufe ni mmoja wetu au la. Kwa maoni yangu aandikwe.

Kanda nitakuja nayo. Atakayekuwa na redio kaseti inayofanya kazi aje nayo pia, kwani yangu hutafuna utepe, na ile safari ya kibandani sitairudia. Mwishoni mwa upande wa pili, baada ya wimbo wa tano, mwalimu anasikika akiuliza kama betri bado zipo, na mtu mmoja anajibu kwa mbali kwa Kinyakyusa. Binti yake hajaisikia sehemu hiyo bado.